Kabla ya Kuuliza Kama Linapanda

Mtu akitafuta gari Bukoba, swali la kwanza kwa muuzaji na kwa fundi huwa lile lile: mlima linapanda? Swali ni la haki, maana mji uko chini ufukweni mwa ziwa na safari nyingi za kutoka mjini zinaanza kwa kupanda. Lakini gari likishindwa kupanda litakuaibisha tu. Litasimama, abiria watashuka, mtasukuma. Likishindwa kushuka, hakuna wa kumwita akusaidie kusukuma. Kwa hiyo wewe uliyetoka juzi kuchukua leseni, jifunze kushuka kabla ya mengine yote, na hata pesa ya kununulia gari ipime kwa swali hilo.

Madereva wa malori wana kanuni yao ya siku nyingi: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia. Ipunguze ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza kukuvuta. Mwenye gari la otomatiki asiseme hayo hayamhusu. Tazama chini ya ile D, utakuta 2 na L, au S, au B. Wapo watu wamemiliki gari miaka mitano na mkono wao haujawahi kufika huko, wakati herufi hizo ziliwekwa kwa ajili ya barabara kama ile inayotoka Muhutwe kwenda Kamachumu. Ukiishusha gia injini itanguruma. Iache ingurume, inakushikia gari.

Anayeshuka na D mguu ukiwa umelalia breki kutoka juu hadi bondeni anapika breki zake. Pedi na diski hupata moto, moto unahamia kwenye mafuta ya breki, na mafuta yakichemka hutoa mapovu. Mapovu hayasukumi kitu, kwa hiyo pedali inazama hadi sakafuni na gari linaendelea kwenda. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua, ya pili ni pedali kuwa laini. Namna salama ni kukanyaga kwa nguvu kidogo mpaka mwendo upungue, kuachia, kuiacha gia ifanye kazi, kisha kukanyaga tena. Ikitokea pedali imekufa kabisa, shusha gia, pampu pedali haraka haraka, vuta handbreki kidogo kidogo bila kuikaza ghafla, na kama hakuna njia nyingine ligusishe gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima. Migomba ya mtu utailipa. Upande wa bonde usiende.

Hapa niwaseme kidogo wanaoweka fri mteremkoni ili kubana mafuta. Magari mengi tunayoyanunua siku hizi, IST, Vitz, Probox, Noah, mafuta yake yanapimwa na kompyuta. Ukishuka gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta, kompyuta huyakata, kwa sababu magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inalazimika kunywa mafuta ili isizimike. Kwa hiyo mwenye fri anatumia mafuta zaidi kuliko jirani yake, na amebaki na breki peke yake.

Kisha kuna mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia mara mbili ya Dar es Salaam, na haisubiri masika wala vuli ili inyeshe. Dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote: vumbi na matone ya oili yaliyokaa juu ya lami yanachanganyika na maji na kuwa utelezi, kabla mvua yenyewe haijayasafisha. Barabara za udongo mwekundu za vijijini hazina hata huo msamaha. Zinazidi kuteleza kadiri inavyonyesha. Huko usikate usukani ghafla, usikanyage breki katikati ya kona, na ukiona gari linaanza kuserereka, ondoa mguu kwenye mafuta uelekeze usukani unakotaka kwenda.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwenye 50 kwa saa gari linakata karibu mita 14 kila sekunde, na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Vibao vya 50 vijijini wengi wanavihusisha na trafiki mwenye tochi tu, wakishampita wanakanyaga tena. Lakini kijiji chetu kimekaa migombani, na migomba imefika karibu na lami. Mtoto wa shule anatokea kwenye majani, humwoni akija.

Hayo yote yanaamua ununue gari gani na pesa ikaingie wapi. Gari la milioni kumi lenye tairi zilizochoka ni baya kuliko la milioni nane lenye tairi nzima. Ukinunua tairi, hasa za mtumba, tafuta ubavuni namba ya tarakimu nne: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, na mgumu hauishiki lami yenye maji hata kama kashata zake bado ndefu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani, na yakishakuwa na maji huchemka mapema. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili. Kuongezea tu hakutoshi. Halafu mipira ya waipa. Ni kitu cha bei ndogo, na ndicho watu hukumbuka mvua ikishaanza.

Karatasi zisikuchoshe, lakini usizipuuze. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi ifanane na ya kwenye kadi. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi mtandaoni uone kama lina deni la faini. Kosa moja ni 30,000, na yakijikusanya unanunua deni la mtu. Mkishaandikiana, nenda TRA ubadilishe jina. Gari linalotembea kwa jina la mmiliki wa zamani ni mzigo kwenu nyote wawili. Na kwa kuwa tuko karibu na mpaka wa Mutukula, utaletewa habari ya gari la bei poa lenye namba za Uganda. Gari hilo limeingia kwa kibali cha muda cha forodha, na mpaka ushuru wake ulipwe, anayekuuzia hana cha kukuuzia.

Bima ndogo ni lazima kisheria, na inamlipa uliyemgonga, siyo wewe. Wewe unalipwa ukiwa na bima kubwa. Ukikata, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA siku hiyo hiyo. Na ukiwa na namba ya njano, usipakie watu kwa nauli hata kama michomoko yote inafanya hivyo mbele ya macho yako: kampuni ya bima ikigundua ulikuwa unafanya biashara kwa bima ya gari binafsi, ina sababu ya kukataa kulipa. Gumu zaidi ni msiba. Ukiwa na gari ukoo mzima unajua, na mjomba atakuambia wakae saba kwenye viti vitano kwa sababu ni mazishi. Mjibu kwa adabu kwamba utarudi safari ya pili, kisha urudi kweli.

Barabarani utakutana na alama ambazo hazimo kwenye kitabu. Matawi yaliyotupwa kwenye lami ni taarifa kwamba mbele kuna lori limekufa, pengine kwenye kona, pengine bila taa. Punguza mwendo pale pale. Wewe mwenyewe ukiharibikiwa tumia pembetatu zako, ziweke mbali nyuma, na mawe uliyozuilia tairi uyatoe barabarani ukiondoka. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia, ama linakuonya usipite ama linakata kulia, na kwa vyote viwili jibu lako ni kutulia. Likiwasha ya kushoto dereva huenda anakuruhusu, lakini macho yake si yako. Pita pale tu unapoiona barabara mwenyewe. Bodaboda aliyebeba mikungu ya ndizi mpe nafasi mara mbili ya unayodhani inamtosha, kwa sababu mzigo umetokeza pande zote na upepo wa gari lako unaweza kumyumbisha.

Novemba kuna senene. Usiku wategaji huwasha taa kali karibu na barabara, zinakupofusha, na watoto wanawakimbilia senene hadi katikati ya lami bila kutazama upande wowote. Wadudu wenyewe wakipondeka kwenye kioo, waipa kavu inawapaka kioo kizima, kwa hiyo hakikisha tangi la maji ya kuoshea kioo limejaa. Desemba wanakuja ndugu zetu wa Dar kula Krismasi nyumbani, wengi wakiwa wameendesha karibu kilomita 1,400, wamechoka, na milima wameisahau. Mwezi huo waachie barabara.

Siku utakayokwenda mbali zaidi, kumbuka kwamba Mutukula hadi Kampala unabaki kushoto kama kwetu, ila ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, unahamia kulia. Bima yako ya nyumbani haivuki mpaka peke yake. Omba Kadi ya Njano ya COMESA kabla hujaondoka. Pale mpakani kila mtu yuko macho na hakosei. Hatari ni baadaye, ukishasimama kituo cha mafuta au dukani na kurudi kwenye barabara tupu: mikono inakupeleka kushoto bila kukuuliza. Abiria wako wa mbele mpe kazi moja tu, akuambie "kulia" kila mnapoingia barabarani, na siku ya kurudi akuambie "kushoto".