Mfuko wa Mrina Asali: Vifaa vya Kuandaa Kabla ya Kwenda Mzingani

Wadi ya Kiambere katika Mbeere Kusini ni eneo kame. Kuna misimu ambayo mahindi hukauka kabla ya kubeba, lakini migunga na vichaka vya porini huchanua na nyuki hupata chakula. Ndiyo maana mizinga ya magogo imetundikwa mitini Mbeere tangu enzi za mababu, na ndiyo maana ndoo chache za asali zinaweza kuisaidia familia kulipa karo au kununua unga.

Hata hivyo, kurina asali bila maandalizi huleta hasara ya aina nne. Mrinaji huumwa na nyuki, wakati mwingine vibaya sana. Nyuki huungua kwa kienge cha nyasi na kundi lililobaki huhama. Asali hunuka moshi na kujaa majivu, na mnunuzi hushusha bei. Tena cheche moja ikidondoka kwenye nyasi kavu, moto huweza kula malisho ya kijiji kizima. Hasara hizi nyingi huanzia nyumbani, kwa kifaa ambacho hakikutiwa mfukoni.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua mfuko wa vifaa vya kurina, vitu vinavyopaswa kuwamo, na namna ya kuvikagua.

Kuchagua mfuko

Wafugaji wengi hubeba vifaa kwa gunia la mbolea au la chakula cha mifugo. Gunia ni rahisi kupatikana, lakini lina kasoro tatu. Masalio ya mbolea au dawa hushika kwenye vazi na glavu zitakazogusa masega. Halina mgawanyo, kwa hiyo kisu hulala juu ya wavu wa uso na kuutoboa. Tena halifungiki vizuri, na nyuki walionasa kwenye nguo hutoka njiani au nyumbani na kuwauma watoto.

Mfuko unaofaa ni wa turubai imara au kitambaa kingine kizito kinachoweza kufuliwa. Rangi yake iwe nyeupe au ya maziwa, kwa sababu nyuki hushambulia kwa urahisi vitu vyeusi na vyenye manyoya. Uwe na mikanda miwili ya kubebea mgongoni ili mikono ibaki huru kushika ngazi au tawi. Uwe na zipu au kamba inayofunga mdomo wote bila kuacha tundu. Ndani uwe na sehemu mbili: moja ya mavazi, nyingine ya vyombo vya chuma. Mfuko mdogo wa pembeni uwekwe huduma ya kwanza, mahali ambapo mkono utaufikia bila kupekua.

Ukubwa hupimwa kwa njia rahisi. Vazi, kofia yenye wavu, glavu na gambuti viingie bila kukandamizwa. Wavu ukikunjwa kwa nguvu hukatika kwenye mikunjo, na tundu dogo huwa halionekani mpaka nyuki awe amekwisha kuingia.

Fundi cherehani yeyote sokoni Kiritiri anaweza kushona mfuko wa namna hii. Kikundi kikishona mifuko kadhaa kwa pamoja, gharama ya kila mmoja hupungua.

Mavazi: uso kwanza

Nyuki wa Afrika Mashariki ni wepesi wa kulinda mzinga wao. Nyuki mmoja akiuma, huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waume mahali palepale. Mtu aliyeumwa machoni au mdomoni hushtuka, huanguka kutoka mtini au huvua kofia kwa hofu, na hapo ndipo ajali kubwa hutokea. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza kununuliwa ni kinga ya uso.

Kofia iwe na ukingo mpana na mgumu, ili wavu usiguse pua, masikio wala shingo. Wavu wa mbele uwe mweusi, kwa kuwa macho huona vizuri zaidi kupitia wavu mweusi kuliko mweupe. Sehemu ya chini ishonwe kwenye vazi kwa zipu au ifungwe kwa kamba inayopita chini ya kwapa.

Baadhi ya watu hukata chandarua cha mbu kutengeneza wavu wa uso. Chandarua kinachotolewa na serikali kimetiwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo huua nyuki, na anayekikata pia humwacha mtu wa nyumbani bila kinga dhidi ya malaria. Kinachofaa ni wavu usio na dawa.

Ovaroli iwe ya pamba nzito, ya rangi nyeupe au nyepesi, na iwe kubwa kuliko nguo ya kawaida ya mfugaji. Vazi linalobana huusogeza mwili karibu na mwiba wa nyuki mtu anapoinama. Mikono na miguu ya vazi iwe na lastiki. Mguu wa vazi hushuka nje ya gambuti na kufungwa, kwani ukitumbukizwa ndani, nyuki huangukia kwenye kiatu.

Glavu za ngozi zenye mkono mrefu wa kitambaa unaofika kiwikoni ndizo bora. Glavu za mpira zinaweza kutumika, ingawa mikono hutoka jasho. Glavu za sufu hazifai, kwa sababu miguu ya nyuki hunasa kwenye nyuzi na nyuki hukasirika.

Bomba la moshi badala ya kienge

Moshi hufanya kazi mbili. Huficha ile harufu ya hatari ili nyuki wasiitane, na huwafanya wajaze matumbo yao asali kana kwamba wanajiandaa kukimbia moto. Nyuki aliyeshiba asali huwa mpole zaidi. Moshi unaohitajika ni mweupe, wa baridi na wa kiasi. Kienge cha nyasi hutoa moto badala ya moshi, huua nyuki na huangusha makaa.

Bomba la moshi ni kopo la bati lenye mdomo na kiriba cha kupulizia. Wakati wa kununua, kiriba kibanwe mara kadhaa ili kuhakikisha hakivuji hewa, na kifuniko kifungwe kuona kama kinakaa sawasawa. Kopo lenye waya wa kinga pande zote humsaidia mrinaji asiungue.

Mfukoni kuwe na viberiti viwili ndani ya chombo kisichopitisha maji, pamoja na kinyesi kikavu cha ng'ombe, magunzi ya mahindi au magome makavu. Plastiki, vipande vya tairi na matambara yenye mafuta hayafai kabisa, kwa kuwa moshi wake huwadhuru nyuki na kuacha sumu na harufu kwenye asali. Nyasi mbichi kidogo huwekwa juu ya kuni ili kupoza moshi na kuzuia cheche.

Bomba la moto halirudishwi kamwe ndani ya mfuko. Hubebwa mkononi au ndani ya debe la bati lenye kifuniko. Kabla ya kuondoka, makaa humwagiwa maji na kufukiwa. Lita mbili za maji ni sehemu ya vifaa vya lazima, hasa miezi ya kiangazi.

Vyombo vya kazi na vya asali

Vyombo vya kazi ni vichache. Patasi ya mzinga hutumika kung'oa viunzi vilivyoshikamana kwa gundi ya nyuki. Kisu kisichoshika kutu hukata masega. Brashi laini au unyoya safi wa kuku hutumika kupangusa nyuki bila kuwaponda.

Tochi ya kichwani hufunikwa kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Nyuki hawaioni vizuri rangi nyekundu, kwa hiyo hawaufuati mwanga huo kama wanavyoufuata mwanga mweupe.

Vyombo vya asali havikai ndani ya mfuko pamoja na mavazi na patasi. Huhitajika ndoo mbili za plastiki zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula, zenye vifuniko vinavyobana, zilizooshwa na kukaushwa kabisa. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa ya shambani haifai hata ikioshwa mara kumi.

Ndoo ya kwanza ni ya masega yaliyofunikwa kwa nta angalau robo tatu, kwani hiyo ndiyo asali iliyokomaa. Ndoo ya pili ni ya vipande vilivyovunjika na masega ambayo hayajakomaa vizuri. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, huachwa mzingani ili kundi liendelee. Asali mbichi ina maji mengi na huchacha, na viwango vya kimataifa haviruhusu unyevu uzidi asilimia 20. Asali hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo kifuniko hurudishwa kila baada ya sega moja.

Huduma ya kwanza

Mfuko wa pembeni uwe na sabuni, kitambaa safi, maji ya kunywa, na simu yenye chaji na salio. Kabla ya safari, mfugaji ahakikishe anajua mahali penye mtandao karibu na mzinga, kwa sababu mabonde mengine ya kuelekea Mto Tana hayana mtandao.

Mwiba wa nyuki huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka. Hutolewa mara moja, kwa ukucha au kwa ncha ya patasi. Wepesi ni muhimu kuliko njia inayotumika. Baada ya hapo mahali palipoumwa huoshwa kwa sabuni na kuwekwa kitambaa cha maji baridi.

Dalili za hatari ni kuvimba midomo au ulimi, kupumua kwa shida, vipele mwili mzima, kizunguzungu, kutapika au kuzirai. Mtu mwenye dalili hizi, au aliyeumwa na nyuki wengi kwa wakati mmoja, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri, hata kama ni usiku. Nambari za dharura ni 999 na 112. Aliyewahi kupata dalili hizi siku za nyuma aonane na mhudumu wa afya kabla ya kukaribia mzinga tena.

Nyuki wakishambulia, mtu afunike uso na kukimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au kichaka kizito. Kuruka majini si kinga. Nyuki husubiri juu ya maji, na Bwawa la Kiambere lina mamba na viboko.

Pesa zikiwa chache

Si kila mfugaji anaweza kununua vifaa vyote kwa mara moja. Utaratibu unaofaa ni huu: kwanza kofia yenye wavu, pili bomba la moshi, tatu glavu na gambuti, nne ovaroli, tano ndoo safi, kisha patasi na brashi. Kabla ya kupata ovaroli, suruali mbili na mashati mawili mazito ya rangi nyepesi yanaweza kusaidia, mradi yafungwe vizuri kiunoni na mikononi.

Kikundi kinaweza kumiliki pamoja mashine ya kukamua na mapipa ya kuhifadhia asali. Lakini wanaokwenda mzingani ni wawili wakati wote, na kila mmoja lazima awe na kinga yake. Mtu wa pili asiye na vazi hawezi kumwokoa wa kwanza.

Baada ya kurina

Wenzi hupanguasana nyuki mgongoni kabla ya kuvua chochote, wakiwa mbali na mzinga. Mavazi huingizwa mfukoni na mdomo kufungwa papo hapo. Nyumbani hufuliwa kwa sabuni, kwa sababu harufu ya hatari iliyobaki kwenye glavu na ovaroli itawachokoza nyuki siku itakayofuata. Wavu huangaliwa kwenye jua, na tundu lolote hushonwa siku hiyohiyo. Mfuko hutundikwa mahali pakavu, mbali na dawa za shambani na panya.

Orodha ya kukagua nyumbani, mchana, kabla ya kuondoka

1. Kofia na wavu usio na tundu.
2. Ovaroli yenye zipu inayofunga mpaka mwisho.
3. Glavu na gambuti, jozi kamili.
4. Bomba la moshi, kuni kavu na viberiti viwili.
5. Maji lita mbili ya kuzimia moto.
6. Patasi, kisu, brashi, na tochi yenye mwanga mwekundu.
7. Ndoo mbili safi zenye vifuniko.
8. Sabuni, kitambaa, maji ya kunywa, na simu yenye chaji na salio.
9. Mwenzi mwenye mavazi kamili, na mtu aliyebaki nyumbani anayejua mzinga unaokwenda kurinwa na saa ya kurudi.
10. Mbuzi, punda na ng'ombe waliofungwa karibu na mzinga wameondolewa. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Kitu kimoja kikikosekana katika orodha hii, safari huahirishwa. Asali iliyofunikwa kwa nta haiharibiki kwa kungoja siku mbili mzingani. Mfugaji anayehitaji mafunzo au ushauri kuhusu vifaa amwone afisa wa ugani wa wadi yake.