Jina Yakobo: Asili Yake, Maana Yake na Kuenea Kwake

Ningependa tufuatane katika safari ya jina moja tu, nalo ni Yakobo. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni jina langu, ingawa kwenye rejista ya darasa nimeandikwa Jacob. Pili, jina hili limetuletea taabu nyumbani, na taabu hiyo nitaieleza hapo mbele.

Mwaka jana, tukiwa Kidato cha Pili, mwenzangu mmoja alisimama darasani akasema ati Yakobo maana yake ni mlaghai. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu, lakini niliapa kulitafuta.

Jina hili ni la Kiebrania, na kwa matamshi ya wenyewe ni Yaakov. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, tunasoma kwamba Rebeka mkewe Isaka alijifungua mapacha. Wa kwanza, Esau, alitoka mwekundu, mwili mzima umejaa nywele. Wa pili akafuata huku mkono wake umeshika kisigino cha nduguye. Kisigino kwa Kiebrania huitwa akev, na ndipo mtoto akapewa jina Yaakov, yaani ashikaye kisigino. Wenzetu wanaosoma Kiarabu watakuwa wametega masikio, maana huko nako neno la kisigino linakaribiana sana na hilo. Lugha hizi mbili ni ndugu.

Sasa huyo mlaghai alitoka wapi? Alitoka sura ya 27. Yakobo alijivika ngozi za wana-mbuzi, akamwendea babake ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akajitwalia baraka za kaka yake. Esau alipogundua, alilia kwa uchungu, akasema kwamba kweli jina la ndugu yake linamfaa kwa kuwa amemnyang'anya mara mbili. Katika Kiebrania, neno la kisigino na neno la kumhadaa mtu yana mzizi mmoja, kwa hivyo Esau alikuwa akichezea maneno katika hasira yake. Mwenzangu basi hakusema uongo mtupu. Alichofanya ni kuchukua maneno ya mtu aliyekasirika akayageuza kamusi. Jamani, ukitaka kujua maana ya jina la mtu, utamwuliza yule aliyeporwa urithi?

Wako pia wataalamu wanaoonelea kwamba Yaakov ni kifupi cha jina refu zaidi, lenye maana ya "Mungu na alinde". Majina ya aina hiyo yamepatikana katika vibao vya udongo vya Mesopotamia, na Misri ya kale ilipata kuwa na mtawala aliyeitwa Yakub-Har, ambaye jina lake limechongwa kwenye mihuri midogo. Mimi maana hii ndiyo naipenda zaidi, na nadhani msomaji hatauliza kwa nini.

Katika Kurani yeye ni Nabii Yakubu, babake Nabii Yusufu, na kisa chao kimo katika sura ya 12. Huzuni ya kupotelewa na mwanawe ilimfanya Nabii Yakubu apoteze macho, kisha akaona tena alipowekewa kanzu ya Yusufu usoni. Huko pwani na kwingineko Waislamu huwaita watoto wao Yakubu.

Hapa sasa ndipo penye utamu. Je, mwajua kwamba Jacob na James ni jina moja? Mimi nilipoambiwa nilikataa katakata. Wagiriki waliandika Iakobos, Warumi wakaandika Iacobus. Baadaye baadhi ya wasemaji wa Kilatini wakaanza kusema Iacomus, sauti ya b ikawa m. Si ajabu. Hebu tamka b, halafu m. Umeona midomo inavyofumbana kwa zote mbili? Tulifundishwa hayo Kidato cha Kwanza, sauti za midomo. Wafaransa wa kale wakalifupisha jina hilo, na Waingereza wakalipokea likiwa James. Waskoti wana Hamish, Waitaliano Giacomo, na Wahispania walimwita mtakatifu huyo Santiago, ndiyo sababu mji mkuu wa Chile, ulioanzishwa mwaka wa 1541, unaitwa hivyo.

Ushahidi ninao. Mfalme James wa Pili wa Uingereza alipong'olewa mwaka wa 1688, wafuasi wake hawakuitwa kwa jina la James. Waliitwa Jacobites. Na ukifungua Biblia ya Kiingereza utamkuta Jacob mwana wa Isaka, kisha James mwana wa Zebedayo. Fungua ya Kiswahili: wote ni Yakobo! Waingereza walilipasua jina vipande viwili, Kiswahili kikaliacha zima.

Kuhusu kuenea kwake, nitatoa mfano wa Marekani kwa sababu wao wana orodha ya serikali ya majina ya watoto inayoanzia mwaka wa 1880. James liliongoza kuanzia 1940 hadi 1952. Jacob nalo likaongoza kuanzia 1999 hadi 2012, miaka 14 mfululizo, mpaka Noah likaliondoa mwaka wa 2013. Marais wao sita wamekuwa akina James, wa mwisho akiwa Carter.

Wako watakaosema haya ni majina ya wakoloni. Mwandishi wetu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alitoa vitabu vyake vya kwanza akiitwa James Ngugi, kisha akalitupa hilo James. Namheshimu sana, na James kweli lilitujia kwa meli ya Mwingereza. Lakini Yakobo ni mgeni wa zamani Afrika. Ethiopia ilitawaliwa na Zara Yakob kuanzia 1434 hadi 1468, kabla hata Vasco da Gama hajaiona Mombasa.

Nimebakisha ile taabu. Babu yetu alibatizwa Yakobo, na hati ya shamba lake ina jina hilo. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimwandika James. Hata wajukuu tumegawana: mimi niliitwa Jacob, binamu yangu akaitwa James, sote tumerithi babu mmoja. Babu alipofariki, baba alienda ofisini kufuatilia mambo ya shamba. Akaambiwa hawa ni watu wawili. Akarudi na barua ya chifu, akaambiwa haitoshi. Imekuwa kiguu na njia, nauli inaisha, na baba zangu wadogo wameanza kununiana.

Nilipomwonyesha baba zile Biblia mbili alicheka, mara ya kwanza tangu matanga. Alimweleza karani. Karani akasikiliza vizuri tu, kisha akasema Biblia haina muhuri wa serikali, tulete hati ya kiapo kutoka kwa wakili. Hati hiyo imepatikana wiki iliyopita. Imesema Yakobo na James ni mtu mmoja, na baba ameambiwa arudi nayo siku ya Jumanne. Nimeomba ruhusa kwa mwalimu wa darasa nimsindikize.