Runinga Iliyokwama Kwenye Nembo

Umeme umekatika, umerudi. Runinga inawashwa, inatoa nembo ya kampuni, kisha haiendi mbele wala hairudi nyuma. Kioo ni kizima, taa za nyuma zinawaka, hakuna kilichonuka kuungua. Fundi anaitazama na kusema programu imekufa, inabidi kuiflashi. Mwenye runinga anaitikia, ingawa programu si waya wala fyuzi, na hajaelezwa ni nini hasa kimekufa. Tuanzie hapo: programu iko wapi ndani ya runinga, na imetengenezwa kwa kitu gani?

Kwenye runinga nyingi za bei nafuu, programu hukaa ndani ya chipu nyeusi yenye miguu minane, upana wake milimita 5 hivi, iliyolehemiwa kwa risasi karibu na prosesa. Ukiimulika tochi utasoma namba kama 25Q64. Ile 64 ni megabiti. Igawe kwa 8 upate megabaiti 8. Humo mna maelekezo yote ya kuwasha, picha ya nembo, menyu, vipimo vya kioo, orodha ya chaneli ulizotafuta na hata sauti uliyoiacha jana usiku.

Kila biti ni transista yenye nyongeza moja: kipande cha silikoni kilichofungiwa pande zote na oksidi, dutu isiyopitisha umeme. Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs walieleza wazo hilo mwaka 1967, na mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba akaonyesha namna ya kulifanya kumbukumbu inayofutika kwa mafungu. Oksidi hiyo ina unene wa nanomita 10 hivi. Kwa kawaida elektroni haivuki. Lakini chipu ina sakiti ya kupandisha volteji kutoka volti 3.3 iliyopewa, na volteji ikiwa kubwa vya kutosha elektroni hulazimika kuvuka na kuingia kwenye kile kipande. Volteji ikiondolewa, hunaswa mle. Chaji yao hasi huizuia transista kupitisha mkondo, na prosesa inaposoma hupata 0. Elektroni zikitolewa, mkondo unapita, inasomwa 1. Kwa hiyo programu ina mwili: ni elektroni zilizonaswa mahali fulani na zisizokuwepo mahali pengine.

Sasa linakuja jambo linaloziua runinga. Kugeuza 1 kuwa 0 kunafanyika baiti kwa baiti, lakini kurudisha 0 kuwa 1 hakufanyiki hivyo. Ni lazima ufute fungu zima, na fungu dogo kabisa kwenye chipu za aina hii huwa baiti 4,096. Ni ubao wa darasani ambao mwalimu anaweza kuongeza herufi popote, ila akitaka kusahihisha moja hana budi kufuta ubao wote na kuandika upya. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kuandika, fungu linabaki na 1 tupu. Ukikatika katikati ya kufuta ni vibaya zaidi, maana kuna biti zitakazobaki na chaji nusu, zikisomwa 0 leo na 1 kesho.

Watu hudhani hatari hii ipo tu wakati wa kusasisha programu. La. Runinga huandika kwenye chipu unapobadili chaneli, unapotafuta stesheni, mara nyingine unapoizima tu. Tena umeme usiokatika kabisa bali ukashuka na kuyumba unaweza kuwa mbaya kuliko giza: volteji ya prosesa inapoporomoka, prosesa huweweseka kabla ya kulala, na prosesa iliyoweweseka inaweza kutuma amri ya kufuta pasipotakiwa kufutwa.

Tukijua hayo, dalili zinaanza kusomeka. Runinga inapopata umeme, prosesa huanza na maelekezo machache yaliyochongwa ndani yake kiwandani, yasiyofutika. Hayo huita sehemu ya mwanzo ya chipu, yaani kipakiaji. Kipakiaji huamsha kumbukumbu ya muda, huwasha kioo, huonyesha nembo, kisha hupakia programu kubwa na kuihakiki kwa hesabu maalumu. Jumla isipolingana, husimama au huanza upya. Kwa hiyo runinga iliyoganda kwenye nembo imekupa habari nyingi bila kufunguliwa. Nembo yenyewe imesomwa kutoka kwenye chipu hiyohiyo! Kipakiaji ni kizima, kioo ni kizima, na ubovu uko mbele zaidi. Ile yenye taa nyekundu tu na isiyoitikia chochote imekwama mapema, na hapo huwezi kusema ni programu mpaka upime.

Kupima ndiko mafundi wengi wanakokuruka, na mimi nakuona ndiyo nusu ya kazi. Mguu wa 8 wa chipu dhidi ya mguu wa 4 utoe volti 3.3 (chipu chache hutumia 1.8, soma namba kwanza). Kapasita iliyochoka hutoa volteji yenye mawimbi ambayo mita ya kawaida huionyesha kana kwamba ni shwari. Ukiflashi bodi ya namna hiyo, yaani ukiiandikia programu upya, utairudia. Na kabla ya kugusa lolote, chomoa waya wa ukutani, kisha hakikisha kapasita kubwa ya upande wa umeme mkuu imeishiwa chaji: volti 230 zikinyooshwa hufika kama 325, nazo hubaki mle hata baada ya kuchomoa.

Kipakiaji kikiwa hai, njia ni nyepesi: faili sahihi kwenye flashi ya USB, runinga iwashwe huku kitufe kimeshikwa, taa ianze kumeta, usubiri. Faili lazima liwe na jina lilelile kipakiaji kinalolitafuta, na flashi iwe ya muundo wa FAT32. Si ushirikina wa mafundi. Kipakiaji ni kidogo mno. Hakina menyu ya kukuuliza, wala hakijafundishwa kusoma miundo mingine.

Kikifa chenyewe, USB haisaidii, kwa sababu kilichotakiwa kuisoma ndicho kilichokufa. Hapo chipu hutolewa kwenye bodi na kuwekwa kwenye kifaa cha kuandikia, mara nyingi kile cha bei ndogo cha CH341A. Kuisoma ikiwa bado kwenye bodi mara nyingi hushindikana: umeme wa kifaa huvuja kwenda kwa prosesa, nayo inaamka na kugombea nyaya zilezile.

Isome mara mbili, ulinganishe, uhifadhi nakala, kabla ya kuandika hata baiti moja. Nakala hiyo mbovu ina vitu visivyopatikana popote: namba za utambulisho za runinga hiyo na, kwenye baadhi ya runinga, funguo za HDMI. Ifungue uitazame. Ukikuta safu ndefu za FF, yaani baiti zenye 1 tupu, katikati ya maelekezo, umeliona fungu lililofutwa bila kuandikwa; zilizo mwishoni kabisa huenda ni nafasi ambayo haijawahi kutumika.

Faili jipya lichaguliwe kwa namba ya bodi na namba ya kioo iliyo kwenye karatasi nyuma yake. Jina la modeli kwenye boksi halitoshi, maana kiwanda hubadili kioo bila kubadili jina. Ukikosea, runinga itawaka ikiwa na picha iliyopinduka au rangi za ajabu, kwa kuwa data inapangwa kwa mpangilio wa kioo kingine.

Runinga zenye intaneti ni habari nyingine. Nyingi hutumia chipu ya kumbukumbu iitwayo eMMC, ambayo huandikwa kumbukumbu za shughuli mchana na usiku, na kila kufuta huichakaza oksidi kidogo. Mwaka 2021 Tesla iliyaita magari takriban 135,000 nchini Marekani yarudi kutengenezwa kwa sababu chipu za namna hiyo, za gigabaiti 8, zilichakaa na skrini zikazimika. Runinga ya aina hii iliyoflashiwa ikapona, kisha ikaganda tena baada ya wiki chache, haihitaji faili jingine. Inahitaji chipu mpya, ambayo miguu yake imefichwa chini na hung'olewa kwa hewa ya moto. Kabla ya kukubali, uliza bei ya bodi nzima.