Mada ya Insha: Misaada ya Maafa Inayoongozwa na Wenyeji

Swali la mfano

"Msaada wa mafuriko vijijini hufaa zaidi unapoongozwa na wenyeji." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano kutoka Tanzania (maneno 250 hadi 300).

Elewa swali kwanza

Neno "jadili" linakutaka uonyeshe pande mbili, kisha utoe msimamo. Ukisifu tu wenyeji, umejibu nusu ya swali.

Tofautisha pia maneno mawili. Mafuriko ni *janga*. Janga huwa *maafa* linapoharibu maisha na mali kiasi kwamba waathirika hawawezi kujikwamua kwa nguvu zao wenyewe. Ndiyo maana msaada unahitajika.

"Kuongozwa na wenyeji" hakuna maana ya kijiji kuachwa peke yake. Maana yake ni kwamba watu wa mahali hapo ndio wanaoamua nani asaidiwe, kwa kitu gani na lini. Watu hao ni pamoja na serikali ya kijiji, vikundi vya VICOBA, misikiti, makanisa na waathirika wenyewe. Mtu wa nje huleta kile kinachokosekana.

Hoja za kuunga mkono

*1. Wenyeji ndio wanaofika kwanza.* Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama. Nyumba za tope ziliwaangukia watu wakiwa wamelala. Waliofariki walizidi 40. Rais Jakaya Kikwete alifika baadaye kuwapa pole wafiwa. Lakini mtu aliyefukiwa na ukuta usiku hawezi kusubiri msafara kutoka mjini. Anamtegemea jirani yake. Usukumani yowe la hatari, yaani *mwano*, huwatoa watu ndani kwa dakika chache. Sungusungu, walioanzia Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, walijengwa juu ya desturi hiyo ya kuitana. Hapa methali inakaa vizuri: fimbo ya mbali haiui nyoka.

*2. Wenyeji wanajua nani ana shida zaidi.* Mgeni huona paa lililoezuliwa. Mwenyekiti wa kitongoji anajua pia kwamba nyumba ya pili, ingawa imesimama, ina bibi mlemavu wa macho anayelea wajukuu wanne, na kwamba chakula chao chote kimelowa.

*3. Wenyeji wanajua ardhi na msimu.* Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo maji hutuama juu yake na kuta za tope hudhoofika. Mahindi yakisombwa mwezi Machi, mgeni anaweza kuleta mbegu za mahindi wakati mvua zinaelekea ukingoni. Mkulima wa huku ataomba dengu, kwa sababu dengu hupandwa mbugani wakati huo na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Gharama ya msaada inaweza kuwa ileile, lakini mmoja utaleta mavuno na mwingine hautaleta kitu.

*4. Fedha hubaki kijijini.* Fundi wa kijijini akilipwa kujenga upya, na mahitaji yakinunuliwa kwenye maduka ya hapo, msaada mmoja hunufaisha kaya nyingi.

Hoja za upande wa pili

*1. Upendeleo.* Kiongozi anaweza kuandika ndugu zake na kuwaacha wengine. Dawa yake ni uwazi: orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na wanawake wawemo katika kamati.

*2. Ukubwa wa maafa.* Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 katika eneo la Katesh na vijiji vya jirani. Kuondoa tope kiasi kile na kufungua barabara kulihitaji mitambo na askari. Hakuna kijiji chenye uwezo huo.

*3. Kuhamisha wajibu.* Usichanganye *msaada* na *fidia*. Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi hapa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka na tope likamwagika kwenye makazi na mashamba ya jirani. Hakuna aliyefariki. Katika tukio la namna hiyo mwananchi haombi hisani. Anadai haki yake. Jirani mwema hapaswi kubeba mzigo wa mwenye bwawa.

Sera na sheria za kutaja

- Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa.
- Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1962 na hutumia watu wa kujitolea.
- Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, Uturuki, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa walikubaliana kwamba angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ziwafikie wahusika wa ndani ya nchi kufikia 2020. Lengo hilo halikufikiwa.

Linganisha aya hizi mbili

*Dhaifu:* "Wenyeji ni muhimu sana kwa sababu wanasaidia sana wakati wa mafuriko. Serikali iwasaidie."

*Nzuri:* "Wenyeji huchagua msaada unaoendana na msimu. Kwa mfano, mkulima wa Shinyanga aliyepoteza mahindi mwezi Machi hufaidika zaidi na mbegu za dengu, zinazokua kwa unyevu uliobaki mbugani."

Aya ya pili ina hoja, mfano na sababu. Msahihishaji anatafuta hivyo vitatu.

Msimamo unaoweza kuutetea

Wenyeji waongoze maamuzi. Serikali na wafadhili walete nguvu, fedha na ukaguzi. Kumbuka kwamba mkazi yeyote mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Siku orodha ya waathirika itakaposomwa kijijini kwenu, huenda wewe ndiye utakayeiandika, au utakayesimama kuuliza kwa nini jina la bibi fulani halimo.

Jipime

1. Eleza tofauti kati ya janga na maafa.
2. Kwa nini mbegu za mahindi zinaweza kuwa msaada usiofaa? Toa mfano mmoja kutoka wilaya yako.
3. Andika kumbukumbu za kikao cha kamati ya maafa ya kijiji kilichojadili mgawanyo wa mabati 60 kwa kaya 85.