Mtoto Aliyekuja Mara Tatu

Somo: 1 Samweli 3:1-18. Tafadhali soma mlango wote nyumbani kabla ya ushirika.

Mchungaji aliniomba niandike kuhusu watoto wadogo na msimu wa kupanda, kwa sababu anajua kilichotupata nyumbani kwetu mwaka juzi. Nilisita. Si rahisi kuweka mambo kama haya kwenye karatasi ukijua watakaosoma ni watu unaokaa nao benchi moja. Lakini mvua imeanza tena, na najua nyumba nyingi zimeshaingia kwenye mbio.

Kama umehamia huku kwetu Trans Nzoia juzi juzi, mwezi wa tatu na wa nne hauna huruma. Mahindi yetu mengi ni ya msimu mrefu, yanakaa shambani miezi 6 na zaidi, kwa hivyo anayechelewa kupanda anajua amekula hasara hata kabla ya palizi. Mvua ikigonga mabati usiku mara mbili mfululizo, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi kuna watu mlangoni pa duka langu la agrovet. Huyu anataka mbegu kilo 10 za ekari moja, yule anataka magunia 3 ya DAP kwa mkopo, mwingine amekuja tu kuuliza bei halafu aende kuuliza kwingine. Baba watoto ni dereva wa trekta. Msimu huo alikuwa anarudi saa tano usiku, na siku nyingine analala huko huko shambani ili asichome mafuta bure. Dada aliyekuwa ananisaidia na mtoto alikuwa ameenda kwao kusaidia mama yake kupanda. Huwezi kumlaumu, hata yeye ana kwao.

Tuna watoto watatu. Wakati huo msichana alikuwa na miaka 9, kijana miaka 5, akisoma PP2, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Juu ya hayo yote nilikuwa nimewekwa kuongoza maombi ya akina mama ya kuombea mbegu, kila jioni hadi saa moja, kwa wiki mbili. Nilikubali kwa furaha. Nasema hivyo ili usifikiri nalaumu kanisa. Hakuna aliyenilazimisha.

Jioni moja kijana alirudi na suruali ya shule imelowa na kunuka mkojo. Gari ya shule ilikuwa imekwama kwenye matope, wakafika nyumbani kukiwa giza. Niliichukua ile suruali, nikaitia kwenye beseni, nikaifua, nikaianika karibu na jiko ili ikauke kabla ya asubuhi. Nilimwambia dada yake ampe chakula. Sikumuuliza neno hata moja. Kwa akili yangu nilikuwa nimefanya kazi ya mama. Suruali ilikuwa safi.

Siku mbili baadaye nilikuwa nahesabu pesa za duka mezani, noti upande huu, za M-Pesa nimeandika kwenye kitabu. Akaja akasimama kando yangu. "Mami, nikwambie kitu?" Nikamwambia, "Ngoja nimalize kuhesabu." Alikaa kwenye kiti akangoja. Nilipoinua kichwa alikuwa amelala na viatu miguuni.

Kesho yake asubuhi alisema tumbo linamuuma na hataki kuenda na gari ya shule. Nilikuwa na mtoto mgongoni na simu sikioni, mteja anauliza kama nimeshafungua. "Kila siku tumbo? Vaa viatu, gari isikuache." Akavaa. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Halafu akaanza kukojoa kitandani, kitu alichokuwa ameacha kitambo. Mara ya kwanza nilibadilisha shuka. Mara ya pili nilimpigia kelele. Nilimwambia kijana mkubwa wa PP2 hawezi kuaibisha watu hivyo. Neno hilo, kuaibisha, lilinirudia baadaye.

Mara ya tatu alikuja usiku. Baba watoto hakuwa amerudi. Mtoto mdogo alikuwa ndiyo amelala tu, na nilikuwa nimefungua kitabu cha madeni kwa sababu kuna mtu alikuwa anabisha kwamba alishalipa. Nikasikia miguu. Kijana alikuwa amesimama mlangoni na leso yangu mabegani. Bila kumwangalia vizuri nikamwambia arudi akalale.

Sasa wapendwa, mimi nimefundisha Sunday school miaka mingi. Hadithi ya Samweli nimeifundisha kwa picha, kwa wimbo, hata kwa mchezo, mtoto mmoja akilala chini na mwingine akiwa Eli mwenye ndevu za pamba. Kila mara nilikuwa namfundisha Samweli. Mtoto mtiifu, akiitwa anakimbia. Sikuwahi hata siku moja kujiweka mahali pa Eli. Usiku ule nilisikia maneno ya Eli yakitoka kinywani mwangu. Mtoto amekuja, ameambiwa rudi ukalale. Amekuja tena, ameambiwa vile vile. Nikaweka kalamu chini.

Nilimpakata. Hakusema haraka. Alianza na mambo ya penseli, ya mwalimu, ya mbwa wa jirani, na nilikuwa karibu kumwambia aseme upesi. Ndipo ikatoka. Siku ile gari ilipokwama alijikojolea, na tangu hiyo siku wavulana wawili wakubwa wanamwita kikojozi mpaka wanafika shule. Wanakula chakula chake cha saa nne. Mmoja alimwambia akisema kwa mwalimu watamshukisha pale darajani abaki peke yake. Alikuwa amebeba hayo siku tisa. Na kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa namfunga kamba za viatu na kumpandisha.

Hebu turudi kwa Eli. Tumezoea kumsema vibaya, na Biblia yenyewe haimfichi: mstari wa 13 unasema wazi kwamba alijua makosa ya wanawe na hakuwazuia. Lakini angalia usiku ule. Ni mzee, macho yake yamepungua nguvu, yuko kitandani. Mtoto wa mwenyewe anakuja kumwamsha bila sababu, mara moja, mara mbili. Hakumpiga, hakumfokea, alimwita mwanangu. Na mara ya tatu akatambua. Kilichonigusa ni hicho, kwamba mzee aliyechoka, tena aliyeharibu na wanawe wa kuzaa, bado aliweza kusikia mara ya tatu. Kama wewe tayari umeshasema ngoja mara mbili, mlango haujafungwa.

Sisemi kwamba mambo ya kijana wangu yalikuwa unabii. Samweli aliitwa na Bwana, wangu alisumbuliwa na wavulana. Ila mtoto anayekuja mara tatu hajaja kucheza. Kuna kitu kinamwamsha.

Angalia pia asubuhi yake, mstari wa 15. Tunapita hapo haraka kwa sababu tunakimbilia sifa za Samweli mkubwa. Samweli alilala mpaka asubuhi, halafu akafungua milango ya nyumba ya Bwana. Alikuwa amebeba neno zito, neno la hukumu ya mlezi wake, na bado alifanya kazi yake kama kila siku. Biblia inasema aliogopa kumwambia Eli. Ungemwona pale akifungua milango ungesema huyu mtoto yuko sawa. Mimi nilikuwa naona kijana amevaa sweta, amekunywa uji, amebeba mfuko, nikasema yuko sawa.

Na Eli akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya kwa siku tisa. Alimwita akamuuliza, na akakaza: usinifiche hata neno moja. Jibu lilikuwa baya, tena lilikuwa juu yake yeye mwenyewe. Hakumwambia mtoto kwamba ana kiburi. Alilipokea. Akina baba na akina mama, hapo ndipo pagumu. Usiku ule, baada ya habari ya gari, kijana aliniambia, "Na wewe ulisema naaibisha watu." Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote ni za kweli: duka, mvua, mtoto mgongoni, maombi. Nikamwambia nisamehe. Akaniuliza kama mama anaweza kukosea. Nikasema ndiyo.

Asubuhi sikufungua duka saa kumi na mbili. Watu walingoja, wengine wakaenda kwa jirani, na nilipoteza mauzo ya siku nzuri. Nilienda na kijana hadi shuleni kwa miguu. Mwalimu wake alinisikiliza, na wavulana wakaitwa. Mmoja wao, ndugu zangu, ni mtoto wa dada tunayeabudu naye hapa. Ameniruhusu nilitaje hili bila jina. Nilienda kwake jioni nikiwa na maneno yangu nimeyapanga. Nilimkuta ndiyo anatoka shambani, matope hadi magotini. Kabla sijafika mbali alikaa chini kwenye ngazi na kusema kijana wake amekuwa akishinda peke yake hadi saa mbili usiku tangu mvua ianze, na hajui anakula nini. Maneno yangu niliyopanga sikuyatumia. Mtoto aliyekuwa anakula chakula cha mwanangu alikuwa na njaa. Huo msimu wote akawa anashukia kwetu, anakula githeri na wangu, mama yake anampitia. Wiki ya kwanza walikaa kila mmoja kona yake.

Usifikiri mambo yaliisha siku hiyo. Kijana aliendelea kukojoa kitandani hadi mwezi wa sita. Tulinunua karatasi ya nailoni tukatandika chini ya shuka, na hakuna aliyesema kitu tena. Niliomba, niliwekea mikono kichwani pake akiwa amelala, na bado nilianika godoro. Kuna mama aliniambia imani yangu ni haba. Sikumjibu.

Wengi wameniuliza tulibadilisha nini, wakitarajia orodha. Si vitu vingi. Pesa za duka nazihesabu watoto wakishalala, hata kama ni usiku. Na nilianza kumpokea kijana mwenyewe pale gari inaposhukisha, dukani nikimwacha kijana wa kazi kwa dakika 15. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mwendo mfupi, lakini mtoto akitembea anasema mambo ambayo hawezi kusema akiangaliwa usoni. Soma Kumbukumbu la Torati 6:7. Musa anataja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Siku zote nilidhani ni mzigo wa kuongeza, nitoe wapi muda wa ibada nyingine? Kumbe ni saa ambazo tayari ninazo. Lazima watalala. Lazima wataamka. Lazima mtu atawatoa barabarani.

Na maswali nayo. "Shule ilikuwaje?" mtoto atajibu poa, imeisha hiyo. "Leo ulikaa na nani kwenye gari?" hapo utasikia kitu.

Baba watoto alisema yeye hawezi kuacha trekta saa moja, na ni kweli, mvua haingoji mtu. Lakini anapiga simu saa moja na nusu, anasimamisha mashine kando ya shamba, anaongea na kila mmoja. Mdogo siku hizo alikuwa anapumua tu kwenye simu. Anasema hata kupumua ni salamu.

Kuhusu maombi ya akina mama, niliomba tumalize saa kumi na mbili msimu wa kupanda, kila mtu awahi watoto wake. Baadhi waliona tumepoa kiroho. Nilisoma nao 1 Timotheo 3:4-5, nikawaacha waamue. Tukapunguza. Mbegu ziliota vile vile.

Juzi, Jumanne, nilikuwa nimebaki na magunia mawili tu na watu watano wakiyataka. Kijana, ambaye sasa yuko Grade 2, aliingia dukani na nguo za shule. "Mami, nikwambie kitu?" Moyo wangu uliruka. Niliwaambia wale wazee wanipe dakika chache, nikatoka naye nje, nikachuchumaa. Ilikuwa habari ya kuku. Kuku wa jirani ameingia darasani kwao, akapanda juu ya meza ya mwalimu, na mwalimu akaogopa. Alieleza kuku alivyopiga mabawa, akanionyesha kwa mikono, akarudia mwanzo kwa sababu alikuwa amesahau kusema kuku alikuwa mweusi. Nikasikiliza yote. Mmoja wa wale wazee alikuja mlangoni kuona nimechelewa nini, akasimama, naye akamaliza hadithi pamoja nasi.