Wasifu: Mwaka Usiorukwa

Tuseme umeulizwa uandike wasifu wa mwanariadha Ferdinand Omanyala. Utaanzia wapi? Watahiniwa wengi hukimbilia Kasarani, Septemba 2021, alipomaliza mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika, kisha dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, 2022. Mwaka 2017 huurukwa. Ndio mwaka alipopatikana na betamethasoni, dawa iliyokatazwa michezoni, akafungiwa miezi 14. Yeye alieleza kwamba alitibiwa maumivu ya mgongo. Litaje jambo hilo kwa sentensi mbili, katika nafsi ya tatu, bila kumtetea wala kumhukumu. Ukiliacha, 9.77 inabaki tarakimu tu.

Zoezi: Andika aya hiyo ya 2017 kwa maneno 40.