Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanza Uanagenzi katika Karakana ya Rangi za Asili

Umepata nafasi ya uanagenzi katika karakana inayotia nguo rangi za majani, mizizi na maganda. Siku ya kwanza unakabidhiwa beseni, sabuni na mizani. Wiki nzima ni kufua, kupima na kuandika. Ni rahisi kuvunjika moyo na kudhani umegeuzwa kibarua. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini kazi hiyo ndiyo msingi wa ufundi wenyewe.

Kufua. Kitambaa kipya cha pamba kina nta na mafuta yanayozuia rangi kupenya. Huchemshwa kwa sabuni na magadi ya kufulia kwa saa moja au zaidi. Maji yakigeuka rangi ya chai, utaona uchafu uliokuwa umejificha. Sufu na hariri hazichemshwi hivyo. Huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali.

Kupima. Hesabu zote huanzia uzito wa kitambaa kikiwa kikavu. Ili rangi ishike, mafundi hutumia shabu, mara nyingi asilimia 15 ya uzito huo. Kitambaa cha gramu 200 kitahitaji gramu 30. Pamba haishiki shabu kwa urahisi kama sufu, kwa hivyo kwanza hulowekwa katika maji yenye tanini, kwa mfano ya maganda ya komamanga.

Kuandika. Maganda ya vitunguu hutoa rangi ya dhahabu hadi kahawia. Lakini maji ya kisima yenye chuma huifanya rangi iyo hiyo kuwa nzito na yenye giza. Andika uzito, chanzo cha maji, joto na muda, kisha bandika kipande cha kitambaa kando ya maelezo. Mteja akirudi kutaka vitambaa kumi vinavyofanana na kile cha kwanza, daftari ndilo litakalokuokoa.

Nili ina utaratibu wake. Haihitaji shabu. Kitambaa hutoka kwenye pipa kikiwa na rangi ya kijani au manjano, kisha hugeuka buluu kinapokutana na hewa.

Usimdanganye mnunuzi. Bizari ya manjano hupendeza sana siku ya kwanza, lakini hupauka haraka juani. Ijaribu rangi kabla ya kuuza: funika nusu ya kipande kwa kadibodi, kiache juani wiki mbili, kisha ulinganishe. Jina la karakana huharibiwa na nguo moja iliyopauka.

Usalama. Sufuria ya rangi isipikiwe chakula tena, hata kama imesuguliwa ikang'aa. Vaa glavu, na barakoa unapopima unga. "Asili" haimaanishi salama: baadhi ya chumvi za kushikisha rangi, kama za kromiamu, ni sumu. Uliza maji machafu yanamwagwa wapi.

Haki zako. Mafunzo ya viwandani nchini husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawatambua wanagenzi pia. Kabla ya kuanza, omba barua inayotaja muda wa mafunzo, saa za kazi, jina la msimamizi na posho, ikiwa ipo. Kama chuo chako ndicho kilichokutuma, mwachie mwalimu wako nakala.

Maswali ya kujipima

1. Kitambaa cha pamba kina gramu 600. Kwa kiwango tulichotaja, utahitaji shabu kiasi gani?
2. Kwa nini pamba hulowekwa katika tanini kabla ya shabu?
3. Rangi ya leo imekuwa nzito kuliko ya jana ilhali vipimo ni vilevile. Utachunguza nini kwanza?

Majibu: 1. Gramu 90. 2. Kwa sababu peke yake haishiki shabu vizuri. 3. Maji.